Je, Wajua? Presha Ileile, Siku Tofauti

Je, wajua kwamba mgonjwa anaweza kuwa na presha ya 190 Jumatatu, madaktari wakahangaika kuishusha, halafu Jumatatu ya pili yake akawa na presha hiyohiyo na daktari yuleyule akaitazama akasema, "Iacheni ilivyo"? Mashine ni nzima na muuguzi hakukosea kuandika. Ugonjwa nao ni uleule: damu imevujia kuzunguka ubongo. Kilichobadilika ni kwamba mshipa uliopasuka umekwisha kuzibwa.

Damu hiyo huenda wapi hasa? Ubongo umevikwa tando tatu. Wa nje ni mgumu na umeshikamana na fuvu, wa kati ni mwepesi, wa ndani umegandamana na ubongo wenyewe. Kati ya huo wa kati na wa ndani pana nafasi nyembamba yenye maji maangavu, na ateri kubwa zinazolisha ubongo hupita humo. Ateri ikipasuka hapo, damu haichimbi ndani ya nyama ya ubongo kama inavyofanya kwenye kiharusi kingine cha kuvuja damu. Inatapakaa juu yake na kuchanganyika na maji yale, ambayo kwa mtu mzima hayazidi sana mililita 150, ukijumlisha ya ubongo na ya uti wa mgongo.

Je, wajua kwamba kinachoongoza kwa kumwaga damu katika nafasi hiyo ni kuumia kichwa? Wodi zetu zinalijua hilo, hasa tangu bodaboda zilipojaa barabarani na kofia ngumu zikabaki zimetundikwa kwenye usukani. Lakini damu ikivuja yenyewe, bila ajali wala kipigo, katika wagonjwa kama 85 kwa kila 100 chanzo ni anyurizimu: ukuta wa ateri umedhoofika sehemu moja ukatuna nje, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza kibofu pale tairi lilipochanika. Kila moyo unapopiga, damu inakisukuma hicho kibofu.

Watu wazima kama 3 kati ya kila 100 wanatembea na anyurizimu kichwani. Walio wengi watakufa kwa jambo jingine kabisa, bila kujua kuwa waliwahi kuwa nayo.

Je, wajua kwamba ateri zinazolisha ubongo zimeungana chini yake zikafanya duara? Daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664, na duara hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Michoro ya kitabu kile alisaidia kuichora Christopher Wren, huyohuyo aliyekuja kusanifu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London. Anyurizimu nyingi huota kwenye duara hilo, pale ateri inapogawanyika njia panda na damu yenye kasi inapogonga ukuta.

Na je, wajua kwamba maumivu ya kichwa ya ugonjwa huu hutambulika kwa kasi yake kuliko hata kwa ukali wake? Kipandauso hujijenga polepole. Haya hufika kileleni ndani ya dakika moja, mara nyingi sekunde chache, na mgonjwa aliye na fahamu huweza kukwambia alikuwa akifanya nini: anainua ndoo, yuko chooni, anainama kufunga kamba za viatu. Shingo hukakamaa baada ya saa kadhaa, na hapo ndipo wengine huanza kutibiwa homa ya uti wa mgongo, au malaria, maana kwetu kichwa kikiuma pamoja na kutapika malaria haikosi kutajwa. Wapo pia waliopata kichwa cha ghafla siku au wiki kadhaa nyuma, wakameza panadol, kikaisha. Huenda anyurizimu ilikuwa imeanza kudondosha.

Saa sita za mwanzo zina thamani yake. Ndani ya muda huo CT-scan ya kisasa, ikisomwa na mtaalamu, ni nadra sana kuikosa damu hiyo. Siku zikipita damu huyeyuka na picha huonekana safi, hata kama mgonjwa bado yuko hatarini. Hapo inabaki sindano ya mgongo, aliyoianzisha Heinrich Quincke nchini Ujerumani mwaka 1891. Baada ya saa 12 hivi, maji yanayotoka huwa yamegeuka manjano kwa mabaki ya damu.

Sasa presha yenyewe. Je, wajua kwamba namba inayosomwa mkononi haitoshi kukwambia ubongo unapata damu kiasi gani? Fuvu halitanuki. Kwa hiyo damu inayotaka kuingia lazima ishinde presha iliyomo ndani ya fuvu, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya. Chukua presha ya chini mara mbili, ongeza ya juu, gawanya kwa tatu: unapata wastani. Mwenye 190 kwa 100 ana wastani wa 130. Toa presha ya fuvuni, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya haizidi kama 15, inabaki 115. Ubongo unashiba.

Lakini mgonjwa wetu ana damu kichwani, na maji ya ubongo yamekosa pa kutokea kwa sababu madonge yameziba njia. Tuseme presha ya fuvuni imepanda hadi 40. Sasa ubongo unapata 90, bado si vibaya. Aje mtu mwenye nia njema aone 190, ashtuke, ampige mgonjwa sindano mpaka presha iwe 110 kwa 60. Mkononi inapendeza. Wastani umekuwa 77, toa 40, ubongo umebaki na 37, wakati wataalamu hutaka isipungue 60. Presha "nzuri" hiyo inaua ubongo kwa njaa huku kila anayesoma chati akiridhika.

Je, wajua kwa nini wengine huzimia papo hapo? Anyurizimu inapopasuka, presha ya fuvuni inaweza kuruka ghafla hadi kuikaribia ile ya ateri, na damu ya ubongo ikasimama kwa muda. Fahamu hupotea. Ajabu ni kwamba kusimama huko ndiko kunakomwokoa: damu haivuji tena, donge linapata nafasi ya kushika kwenye tundu. Anapozinduka, kinachomtenganisha na kifo ni donge hilo.

Wengine hawazinduki. Kati ya wagonjwa 100, zaidi ya 10 hufariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Harvey Cushing, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, alikwenda Bern, Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, akafanya majaribio ya kupandisha presha ndani ya fuvu za wanyama. Aliona presha ya mwili ikipanda kuifuata, mapigo ya moyo yakipungua, pumzi ikienda ovyo. Mwili unapandisha presha ili damu ipenye kwenye fuvu lililobanwa. Kwa hiyo, je, wajua kwamba presha kubwa ya mgonjwa wa aina hii wakati mwingine ni ubongo unaoomba damu? Ukikutana na presha ya 210, mapigo 48, na mgonjwa anazidi kusinzia, tiba inayotakiwa haraka ni ya kupunguza presha ya fuvu, mara nyingi kwa kupitisha mrija wa kutoa maji ya ubongo. Presha ya mkono huteremka yenyewe baada ya hapo.

Na wakati mwingine presha imepanda kwa sababu mtu ana maumivu. Hili linasahaulika mno. Mwenye kichwa kinachopasuka, anayetapika, aliyejaa mkojo asiweze kusema, aliyelala chini ya taa kali huku simu zikilia, atakuwa na presha kubwa hata kama hajawahi kuugua presha maishani. Kabla ya dawa ya presha hutangulia dawa ya maumivu, dawa ya kutapika, mrija wa mkojo, kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 na kupunguza mwanga. Wauguzi wazoefu hushusha presha kwa pointi nyingi kwa njia hiyo bila kufungua hata kichupa kimoja.

Halafu kuna sisi tunaokwenda kumwona mgonjwa. Ukoo mzima umeshuka kwenye daladala na chupa ya uji, kila mmoja anataka kuinamia kitanda na kuuliza, "Baba, unanijua mimi nani?" Ni upendo, hakuna anayebisha. Lakini mpaka mshipa uzibwe, wawili wanatosha, tena kwa zamu na kwa sauti ya chini.

Je, wajua kwamba mgonjwa huyu hupewa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza? Kujikamua hupandisha presha kwa ghafla. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwahoji wagonjwa 250 kuhusu saa ya mwisho kabla ya mshipa kupasuka, na mwaka 2011 wakachapisha orodha ya vichochezi 8: kahawa, kola, hasira, kushtuka, kujikamua chooni, tendo la ndoa, kupenga kamasi kwa nguvu na mazoezi mazito. Wapenzi wa kahawa chungu msihame barazani. Orodha hiyo inamhusu mtu ambaye tayari ana anyurizimu, na hata kwake hatari hiyo hudumu kwa muda mfupi tu.

Kwa nini hofu yote hii? Kwa sababu ya kupasuka mara ya pili. Katika saa 24 za kwanza, wagonjwa kati ya 4 na 14 kwa kila 100 huvuja tena, wengi wao ndani ya zile saa chache za mwanzo, na wengi wa wanaovuja tena hawaponi. Donge lililoziba tundu ni laini. Presha ikiruka, linang'oka.

Basi ishushwe mpaka wapi? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wanaopenda jibu moja hukasirika. Mwaka 2012 mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani ulisema ni busara kuiweka presha ya juu chini ya 160. Mwaka mmoja baadaye wenzao wa Ulaya wakaandika chini ya 180, na wakaonya kwamba ukishusha, wastani usipungue 90. Tofauti ya pointi 20 kati ya mabara mawili, na wote wamesoma tafiti zilezile! Mwaka 2023 Wamarekani wakaandika mwongozo mpya na namba ikaondolewa. Walichobakiza ni maneno: epuka presha kubwa kupita kiasi, epuka kuishusha mno, na usiiache ikipandashuka.

Wapo walioona ni kurudi nyuma. Mimi naona ni uungwana. Ushahidi wa kusema 160 ni bora kuliko 170 haukuwapo, na namba isiyo na ushahidi ikiandikwa kwenye mwongozo hugeuka amri wodini. Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kujadiliana na karatasi iliyobandikwa ukutani. Lakini "isipandeshuke" ni jambo analoweza kulifanyia kazi: mgonjwa anayekaa kwenye 165 usiku kucha yuko salama kuliko anayecheza kati ya 120 na 200, hata kama wastani wao unalingana.

Kwa kulinganisha, damu ikivujia ndani ya nyama ya ubongo, madaktari wana namba ya kushika: kama 140 kwa presha ya juu, kutokana na majaribio makubwa kama INTERACT2 la mwaka 2013, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 2,800. Usiichukue namba hiyo ukaihamishia kwa mgonjwa aliyevuja kuzunguka ubongo. Ni magonjwa mawili.

Je, wajua kwamba ubongo una uwezo wa kujipimia damu? Niels Lassen wa Denmark alionesha mwaka 1959 kwamba wastani wa presha ukipanda au kushuka kati ya takriban 50 na 150, mishipa ya ubongo hujibana au hujitanua ili damu ibaki kiasi kilekile. Baada ya damu kuvuja kuzunguka ubongo, uwezo huo huharibika, na damu inayofika hupanda na kushuka pamoja na presha. Na aliyeishi na presha kubwa miaka mingi bila dawa, mipaka yake imesogea juu. 120 inayomfaa jirani yake inaweza kumfanya yeye azimie. Ndiyo maana daktari huuliza ndugu, "Nyumbani presha yake huwa ngapi?" Swali hilo si la kupitisha muda, na kadi ya kliniki iliyosahaulika kabatini ndiyo yenye jibu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulishayaona mapema: wagonjwa waliopewa dawa za kushusha presha walivuja tena kwa uchache, lakini sehemu za ubongo wao zilikufa kwa kukosa damu kwa wingi zaidi. Faida ya mkono mmoja iliondoka na mkono wa pili.

Dawa zinazotakiwa ni zile zinazoingia kwa dripu, zinazofanya kazi haraka na kuisha haraka, ili ukizidisha uweze kufunga na mambo yakarudi: nikadipini, labetaloli, na klevidipini yenye rangi ya maziwa kwa sababu imechanganywa katika mafuta. Nitroprusaidi, iliyosifika zamani, huepukwa kwa kuwa inaweza kupandisha presha ya fuvuni. Katika hospitali zetu nyingi kilichopo ni hidralazini, ile iliyozoeleka wodi za wazazi; nayo inashusha, ila hujui itashusha kiasi gani wala itakaa muda gani, kwa hiyo hutolewa kidogokidogo na presha kupimwa kila baada ya dakika chache. Na ile tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipini na kudondoshea chini ya ulimi? Iliachwa tangu miaka ya 1990, baada ya kuonekana inaporomosha presha kwa kishindo na kuleta viharusi na mashambulizi ya moyo. Anayeifanya leo anafanya kwa mazoea.

Je, wajua kwamba kanda ya kupimia presha ikiwa ndogo kwa mkono mnene hudanganya kwa kuonesha presha kubwa kuliko ilivyo? Kanda yenyewe ilibuniwa Italia na Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na sauti tunazosikiliza kwa kifaa cha masikio zilielezwa na Nikolai Korotkov mwaka 1905 huko Urusi. Kwenye ICU hutumika mrija mwembamba ndani ya ateri ya kifundo cha mkono, unaoonesha presha pigo kwa pigo. Kama haupo, kanda ya kipimo sahihi, mkono uleule, kila mara.

Mshipa wenyewe huzibwaje? Mwaka 1931 huko Edinburgh, Norman Dott alimfungua mgonjwa fuvu akaifunika anyurizimu kwa kipande cha msuli alichokata kwenye mguu wa mgonjwa huyohuyo. Mwaka 1937 Walter Dandy wa Baltimore aliibana anyurizimu shinani kwa klipu ya fedha. Kwa nusu karne hiyo ndiyo ikawa njia. Kisha Mwitaliano Guido Guglielmi, akifanya kazi Los Angeles, akaleta waya laini wa platinamu unaopitishwa kutoka kwenye paja kupitia ndani ya ateri hadi kichwani, ukajikunja ndani ya anyurizimu na kuijaza. Jaribio la ISAT, lililochapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 2,143, lilionesha kuwa kwa anyurizimu zinazofaa njia zote mbili, waliowekewa waya walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kujitegemea baada ya mwaka mmoja.

Na dawa ya kuzuia donge la damu lisiyeyuke, traneksamiki asidi, inayookoa kina mama wanaovuja baada ya kujifungua? Waholanzi waliijaribu kwa wagonjwa 955 wa ugonjwa huu na kutoa matokeo mwaka 2021: kuitoa mapema hakukuwaongezea uzima.

Mshipa umezibwa. Familia inapumua, mchungaji ameshatoa shukrani. Je, wajua kwamba hatari ya pili ndiyo kwanza inajongea? Damu iliyomwagika inapooza kuzunguka ateri, huzifanya zijikaze. Huanza kama siku ya 4, hukolea kati ya siku ya 7 na 10, huisha kufikia wiki ya pili au ya tatu. Mgonjwa aliyekuwa akiongea vizuri asubuhi anaanza kuchanganya majina ya wanawe jioni, au mkono mmoja unalegea. Tundu limeshafungwa, kwa hiyo presha haina tena cha kupasua hapo. Na ateri zimekuwa nyembamba, kwa hiyo inahitajika presha zaidi ili damu ipite. Ndiyo ile 190 ya Jumatatu ya pili. Kuna wagonjwa wanaowekewa noradrenalini kwa dripu ili presha ipande kwa makusudi.

Hapo zamani walikwenda mbali zaidi: wakampandishia presha, wakamjaza maji, wakaizimua damu yake iwe nyepesi, vyote kwa pamoja. Mapafu yalijaa maji, mioyo ikachoka. Leo mgonjwa huwekwa kwenye maji ya kumtosha tu, na presha hupandishwa kwa yule aliyeanza kuonesha dalili. Hata hilo lina wanaolitilia shaka: jaribio la HIMALAIA la Uholanzi lilisimamishwa mapema, likiwa na wagonjwa 41 tu, bila kuonesha faida, na madhara yakiwa mengi upande wa waliopandishwa. Madaktari wengi wanaendelea kuifanya, kwa sababu wamemwona mgonjwa akirudisha usemi presha ilipopanda. Kwa wagonjwa 41 huwezi kumshinda mtu aliyeona kwa macho yake, na pengine hupaswi kumwamini moja kwa moja pia.

Dawa moja imesimama imara: nimodipini. Miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21, maana yake dozi 126, usiku na mchana, mgonjwa aamshwe. Jaribio la Uingereza la mwaka 1989 kwa wagonjwa 554 lilithibitisha kuwa inapunguza ulemavu. Na je, wajua kwamba ni ndugu wa nifedipini, ilibuniwa kama dawa ya presha? Kwa hiyo inaokoa ubongo na papo hapo inaweza kushusha presha wakati ambao hutaki ishuke. Ikishusha, hugawanywa: miligramu 30 kila baada ya saa 2. Ile ya kunywa kamwe isivutwe kwenye sindano na kupigwa kwenye mshipa. Makosa hayo yameua watu, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeyatolea onyo.

Hili litawashangaza wanaopika nyumbani. Mtu ameambiwa miaka yote apunguze chumvi kwa sababu ya presha, halafu wodini anapewa chumvi, kwa dripu au vidonge! Baada ya damu kuvuja kuzunguka ubongo, figo za wagonjwa wengi humwaga chumvi pamoja na maji. Ubongo huvimba, damu hupungua mwilini, presha huporomoka katika siku zilezile ambazo ateri zimejikaza. Zamani madaktari waliona chumvi imeshuka wakamnyima mgonjwa maji. Ikaonekana kwamba walionyimwa walipatwa na kiharusi zaidi. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, ushauri wa chumvi kidogo unarudi palepale.

Moyo nao haubaki nyuma. Je, wajua kwamba kipimo cha moyo cha mgonjwa huyu kinaweza kufanana kabisa na cha mshtuko wa moyo? Kishindo cha adrenalini hupoozesha sehemu ya moyo kwa siku kadhaa. Wajapani waliipa hali hiyo jina la chungu cha kunasia pweza, takotsubo, kwa sababu moyo hutuna kwa umbo hilo. Kosa baya kuliko yote ni kumpa dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye kichwani anavuja. Macho yake yachunguzwe pia, maana damu huweza kuingia hata humo, jambo lililopewa jina la Mfaransa Albert Terson aliyeliandika mwaka 1900.

Hata wenye majina makubwa damu imewavuja kichwani. Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alipofariki kwa kuvuja damu ubongoni tarehe 12 Aprili 1945, daktari wake alisoma presha ya 300 kwa 190. Ilijulikana tangu kabla ya hapo kuwa presha yake ni kubwa. Walimpunguzia chumvi, sigara na kazi, maana dawa za presha tunazochukua leo dirishani hazikuwapo duniani. Joe Biden alifanyiwa upasuaji wa anyurizimu iliyovuja Februari 1988, ya pili ikafuata Mei, na miaka 32 baadaye akachaguliwa rais. Mwigizaji Emilia Clarke alipatwa na ugonjwa huu kwenye chumba cha mazoezi jijini London mwaka 2011, akiwa na miaka 24.

Kwa Tanzania, anayepewa rufaa ya ugonjwa huu mara nyingi huishia taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Watu huiita ya mifupa, lakini upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu umo kwenye jina lake rasmi. Kutoka Songea ni zaidi ya kilomita 900. Kwenye safari ndefu kama hiyo, tangu kabla gari halijawasha injini, yafanywe yale ya msingi: maumivu yatulizwe, kutapika kuzuiwe, presha iandikwe kila baada ya dakika 15, na kiwango cha fahamu kiandikwe pembeni yake, kwa sababu presha isiyo na habari ya fahamu haimsaidii anayempokea mgonjwa.

Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania ana presha; ndivyo ulivyoonesha uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, na ule wa Kenya wa mwaka 2015 haukutofautiana sana. Je, wajua presha hiyo ya mtaani ina uzito gani? Wanasayansi walipokusanya takwimu za dunia na kuzichapisha mwaka 2019, waliona kwamba kila wastani wa presha ya juu ya watu ulipopungua kwa pointi moja tu, visa vya damu kuvuja kuzunguka ubongo vilipungua kwa takriban asilimia 7. Pointi moja! Uvutaji wa sigara ulipopungua, navyo vilipungua.

Wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na wenye wazazi, kaka au dada wawili au zaidi waliopatwa na ugonjwa huu, hushauriwa kupigwa picha ya mishipa ya kichwa hata kama hawaumwi. Ikikutwa anyurizimu ndogo, ya chini ya milimita 7 hivi, mara nyingi haiguswi: upasuaji una hatari yake. Mtu hupewa miadi ya picha nyingine, huambiwa aache sigara, na hupewa kazi ya kupima presha nyumbani, ameketi, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu, bila kuongea na simu.